Sijui ya Kujitakia

Pikipiki yangu ilianza kulia, ndipo nikaamua kuiuza. Kwa watu nimekuwa nikisema vingine: kwamba nimechoka na vumbi la barabara za Tabata, kwamba mke wangu hapendi nirudi usiku na pikipiki nikitoka chumba cha habari. Yote hayo ni kweli, ila yalikuwa kweli hata mwaka jana na sikuiuza. Kilichoongezeka mwaka huu ni kelele.

Haikuwa kelele kubwa. Injini ikishapata moto, ikiwa kwenye silensa, upande wa kulia chini ya goti kulikuwa na kitu kinagonga, kwata kwata kwata, kama mtu anatikisa kopo lenye njugu. Ukivuta mafuta kidogo, kimya. Ukisimama kwenye taa za Buguruni, inarudi. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichonisukuma kuandika makala hii. Sikuita fundi. Nilinunua vispika vya masikioni, nikawa navivaa chini ya helmeti, nikaongeza muziki. Wiki mbili nzima.

Mnunuzi akapatikana haraka. Kijana wa mtaa wa pili, miaka 22, anataka kuanza bodaboda. Fedha ni za mama yake, anayekaanga vitumbua pale kituoni, na sehemu kubwa amekopa kwenye kikoba. Tukakubaliana milioni 1 na laki 4. Angekuja Jumamosi na mjomba wake kuichukua. Jumatano jioni akanipigia simu.

“Shikamoo kaka. Samahani, naulizia tu, haina shida yoyote eti?”

“Marahaba. Mimi si fundi, mdogo wangu. Ila mwenyewe nimeitumia vizuri tu, kila siku kazini.”

Hebu litazame jibu langu. Kila neno lililomo ni kweli. Mimi si fundi, kweli. Nimeitumia kila siku, kweli. Hata ningeapishwa mahakamani ningeyarudia maneno hayo bila kutetemeka. Lakini nilipokata simu nilijihisi kama mtu aliyeficha kitu cha watu mfukoni.

Swali langu ni hili: mtu akisema “sijui”, na kweli hajui, lakini hajui kwa sababu alijitahidi asijue, je, amesema uongo?

Swali hili lina wazee wake. Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, mtaalamu wa hisabati aliyeandika pia falsafa, alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini. Anaanza na kisa cha mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, imekarabatiwa mara nyingi, na inakaribia kuondoka na familia za watu wanaohamia nchi nyingine. Mwenyewe ana wasiwasi nayo. Anafikiria kuifanyia ukaguzi, lakini gharama ni kubwa. Basi anaanza kujituliza: mbona imeshavuka salama safari nyingi, Mungu hawezi kuwaacha watu hawa, na walioijenga si watu wa kutiliwa shaka. Siku ya safari inafika akiwa ameshaamini kwa moyo mweupe kwamba meli ni nzima. Inazama katikati ya bahari. Yeye anachukua fedha za bima, kimya.

Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, na kuamini kwake kwa dhati hakumwokoi, kwa sababu imani ile hakuipata kwa kuchunguza. Aliipata kwa kuzima mashaka. Halafu anaongeza jambo linalouma zaidi: hata meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ileile. Kinachomtia hatiani ni namna alivyofika kwenye imani yake, na hilo lilikwisha kutendeka kabla nanga haijang’olewa.

Niliisoma insha hiyo chuo kikuu, mwaka wa pili. Nikajibu swali la mtihani kuhusu meli hiyo na nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba miaka kumi na kitu baadaye meli ingekuwa na magurudumu mawili na ingeegeshwa kwenye kibaraza changu.

Pwani yetu nayo imelijua jambo hili kwa njia yake. Waislamu husimulia habari ya Mtume alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Juu pakavu, ndani pamelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakione. Zingatia kwamba muuzaji yule hakuwa amemdanganya mtu kwa mdomo. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa lundo.

Nami nilikuwa nimepanga lundo langu. Tofauti ni kwamba yule alijua ndani pamelowa. Mimi nilikuwa nimehakikisha mkono wangu haufiki ndani.

Alhamisi jioni nikautoa mkono mfukoni.

Kinachonitia aibu ni jinsi kujua kulivyokuwa rahisi. Klachi ya pikipiki nyingi tunazopanda huku, zile za cc 100 hadi 150, ni sahani kadhaa zilizopangwa kama chapati ndani ya bakuli la chuma, zote zinaoga kwenye oili ya injini. Sahani moja imeshikana na bakuli, inayofuata imeshikana na kitovu cha katikati kinachopeleka nguvu kwenye giaboksi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Springi zinazibana zote pamoja ziende kama kitu kimoja. Ukivuta mkono wa klachi unaziachia: injini inaendelea kuzunguka na bakuli lake, giaboksi inapumzika.

Ukishaelewa hivyo, jaribio la kwanza linajileta lenyewe. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, iwashe mpaka ipate moto, weka frii. Sikiliza. Vuta mkono wa klachi, sikiliza tena. Achia. Kelele ikianza pale tu unapovuta, mshukiwa wa kwanza ni beringi inayosukuma klachi ifunguke. Kelele ikipotea ukivuta na kurudi ukiachia, litazame bakuli lenyewe na springi zake, au beringi ya shafti inayoingia giaboksi. Isipobadilika hata kidogo, achana na klachi, nenda katafute kwenye tapeti au cheni ya taimingi. Huhitaji spana wala senti. Sekunde tano.

Nilivuta. Kimya. Nikaachia. Kwata kwata kwata.

Wiki mbili nilikuwa nimekosa sekunde tano. Wala usidhani kwamba wiki mbili zote hizo sikuvuta klachi. Nilivuta mara mia kwa siku, kwenye kila taa, kwenye kila foleni. Mkono ulikuwa unauliza swali na kupata jibu papo hapo, nami nina muziki masikioni.

Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye mfuniko wa klachi, mpini nikaubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mafundi wetu wa mtaani wanaijua sana mbinu hii, na ni ndugu wa ile ya daktari René Laennec, ambaye mwaka 1816 pale Paris alikunja karatasi kuwa bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa. Kutoka hapo tukapata kile chombo madaktari wanachokining’iniza shingoni. Chombo kama hicho kinakupa kusikia, halafu kinakunyang’anya kisingizio. Nilisogeza ncha mbele, nyuma, chini. Kelele ambayo siku zote nilisema iko “huko huko tu” ikawa na anwani.

Ijumaa nikamwaga oili kwenye beseni ikiwa bado vuguvugu. Nikapitisha sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Chembe za chuma hunasa. Za alumini hazinasi, hubaki kwenye oili zikimetameta. Zilikuwepo za kumetameta, si nyingi, kama unga unaobaki kwenye kidole. Na bakuli la klachi kwa kawaida ni la alumini. Nikafungua mfuniko wa kulia: kwanza mkono wa kiki na kebo ya klachi, kisha boliti moja moja, nikizichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyotoka, maana hazilingani urefu.

Nyuma ya bakuli kuna gia kubwa, na kati ya gia na bakuli kuna springi fupi za kumeza mishtuko ya injini. Nilishika bakuli nikalizungusha kushoto na kulia. Gia imetulia, bakuli linacheza. Springi zimelegea. Ndiyo maana ukivuta mafuta inanyamaza: mapigo ya injini yanafuatana kwa karibu, gia haipati nafasi ya kwenda na kurudi. Kwenye silensa mapigo yanaachana, gia inabaki kugongagonga. Nikatoa sahani. Kwenye mbavu za bakuli, pale masikio ya sahani yanapoegemea, kulikuwa na vishimo unavyoweza kuvipapasa kwa ukucha.

Je, ingemuua mtu? Sidhani, si kesho. Klachi ingeanza kushika kwa kushtuka, oili ingeendelea kubeba unga wa alumini kuupeleka kila mahali, na siku moja kitu kingekatika pale nyuma ya bakuli. Kwangu mimi ninayekwenda kazini na kurudi, labda miezi mingi. Kwa bodaboda anayebeba watu wawili na gunia la mkaa kutwa nzima, sijui, na hii ni sijui ya kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini walimfikiria anayeficha maradhi yake mwenyewe. Pikipiki ikishauzwa, anayeumbuka ni mwingine.

Nisieleweke kwamba kila kelele ni ubovu. Ducati za zamani zenye klachi kavu, isiyooga oili, zinagongagonga zikiwa zimesimama kiasi cha kumshtua mgeni, na wenyewe wanaona fahari. Kwa hiyo “labda ndiyo kawaida yake” linaweza kuwa jibu sahihi kabisa. Ila ni jibu la mtu aliyekwisha kutazama. Mimi nilikuwa nalitumia ili nisitazame.

Na pale nilipojua, ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa naogopa kujua. Bado ningeweza kuinyamazisha bila kuitengeneza. Zungusha skrubu ya silensa kidogo tu, injini inapanda, kelele inafunikwa. Weka oili nzito zaidi, inafifia. Mjomba mtu angekuja, angewasha, angeisikia inanguruma kama paka aliyeshiba. Kabla ya Alhamisi ningeuza kelele ile na kulala usingizi, kwa sababu “sijui”. Sasa nilikuwa na njia mbili tu, kusema au kudanganya waziwazi. Kutokujua kulikuwa kunaniwezesha kupata faida ya uongo bila kuitwa mwongo. Nadhani wengi wetu tunakwepa kujua kwa sababu hiyo. Jambo lenyewe wala halitutishi sana. Tunachokimbia ni kuchagua.

Nilipokuwa nanawa mikono kwa petroli nikakumbuka kitu ambacho sikutaka kukikumbuka.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari ya mtu aliyelalamikiwa na wapangaji wake kwamba amewadhulumu amana zao. Habari ilikuwa tamu, ina watu wanaolia. Taratibu za kazi yetu zinataka mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu. Nilimpigia mara moja, saa tatu na nusu usiku, nikaacha iite mara nne, nikakata. Kisha nikaandika ile sentensi ambayo kila msomaji wa magazeti anaijua: alipotafutwa, simu yake iliita bila kupokelewa. Kila neno kweli. Asubuhi ya pili mtu yule alikuja ofisini na bahasha ya risiti. Alikuwa ameshawalipa wawili kati ya wale watatu. Tukachapa masahihisho, mistari minne, ukurasa wa ndani. Habari ilikuwa ukurasa wa mbele.

Nilipopiga simu ile nilikuwa naomba isipokelewe. Hilo masahihisho hayakuligusa.

Najua mtaniuliza: ina maana kila muuzaji afungue injini? Kila mwandishi apige simu mara ishirini? Clifford mwenyewe amelaumiwa kwa ukali wake. William James alimjibu mwaka 1896, akasema yapo mambo tunayolazimika kuyaamua kabla ushahidi haujatosha. Nakubali. Maisha hayawezi kusubiri ushahidi kwenye kila kitu. Napanda daladala bila kukagua breki zake, nanunua nyanya bila kuikata. Mengi siyajui na sina hatia nayo.

Tofauti naiona hapa. Kuna sijui ya mtu ambaye jambo halijamfikia. Na kuna sijui ya mtu ambaye jambo limefika mlangoni, likabisha hodi, naye akazima taa ili aonekane hayupo. Kipimo ninachojipa siku hizi ni hiki: kama mtu angeniletea jibu bure, bila kunitoza na bila kunichafua mikono, ningelipokea? Kuhusu breki za daladala, ningependa sana kuambiwa. Kuhusu kelele ya pikipiki yangu kabla ya Jumamosi, hapana, ningemkatiza. Kuhusu simu ya saa tatu na nusu usiku, hapana. Ukijiona unakwepa hata jibu la bure, usijiite asiyejua. Hiyo ni kazi unaifanya, na kazi ina mwenyewe.

Mwingine atasema mnunuzi ana macho, alete fundi wake. Wala si hoja ya kipuuzi. Ila yule kijana hakuwa na fundi, alikuwa na mjomba na dakika kumi za kuzunguka kibarazani. Mimi nilikuwa na miaka mitatu juu ya kiti kile. Alichonacho mtu wa namna hiyo ni swali moja la kwenye simu: haina shida yoyote eti? Tunalichukulia kama adabu tu, kama kuulizana habari za nyumbani. Kumbe ndio ukaguzi wenyewe. Alikuwa ananikagua mimi.

Jumamosi walifika saa nne asubuhi. Nilikuwa nimerudisha mfuniko, gasketi mpya na oili mpya ya aina ileile. Skrubu ya silensa sikuigusa. Nikaiwasha tukasubiri ipate moto. Nikamwambia kijana avute klachi, aachie. Akavuta, akaachia.

“Mbona sisikii kitu, kaka?”

Nikampa bisibisi, nikamwonyesha pa kuiweka. Akavuta tena. Uso ukambadilika.

Nikawaeleza. Bakuli linatakiwa kubadilishwa, kama laki moja na ishirini pamoja na ufundi, nami niko tayari kupunguza laki mbili wakatengeneze wenyewe. Nilisema haya nikiwa na ile furaha ya kipumbavu ya mtu anayejisikia mwema. Mjomba alinitazama kwa muda, halafu akasema taratibu, bila hasira:

“Asante, mwanangu. Sasa kama hili umelisema, mangapi hujalisema?”

Wakaondoka. Wiki iliyofuata nikasikia kijana amenunua nyingine kutoka kwa mtu wa Ubungo, kwa milioni 1 na laki 3. Huyo alimhakikishia kwamba haina shida yoyote.

Kwa mjomba sina jibu mpaka leo. Alikuwa na haki. Mtu anayesikia “haina shida” kila anapokwenda, akikutana na “ina shida moja”, anawaza kumi. Ukweli wangu ulionekana kama ufa kwenye ukuta ambao wengine wote wameupaka rangi. Na kama Clifford anasema hatia ya mwenye meli haitegemei meli kuzama, basi nami nikubali kwamba kusema kwangu kulikuwa sawa hata kama hakukuuza kitu wala kumwokoa mtu. Naikubali hoja hiyo. Lakini naona pia kwamba ni rahisi kuikubali kwa mtu mwenye mshahara. Mama wa vitumbua hana deni la falsafa, ana deni la kikoba, na sina uhakika kwamba ukweli wangu ulimpeleka mwanawe mahali pazuri zaidi.

Ninachoweza kusema kwa hakika ni kidogo. Nilibadilisha bakuli. Vispika vya masikioni nimempa mdogo wangu. Pikipiki bado ninayo, imetulia, na kila nikisimama kwenye taa za Buguruni najikuta nasikiliza, si ya kwangu tu.

Juzi jioni nikasikia honi langoni. Alikuwa yule kijana, na pikipiki yake ya Ubungo, jasho linamtoka, abiria ameshamshusha.

“Kaka, samahani, hebu njoo uisikilize na hii. Kuna kitu kinalia.”

Nilitaka kumuuliza kinalia tangu lini, nikanyamaza. Nikaenda ndani kuchukua bisibisi. Niliporudi ilikuwa inawaka, imeshapata moto.

“Weka frii,” nikamwambia. “Haya, vuta klachi.”